Miaka 13 na Escudo Moja

Fundi wangu hakuanza na injini. Aliomba kinyundo kidogo, akatandika gunia, akalala chali na kujivuta chini ya gari, kisha akaanza kuigonga chesisi kutoka mbele kwenda nyuma. Mimi nimechutama pembeni, buibui nimelikusanya lisiguse oili, nasikiliza. Nga, nga, nga. Alipofika usawa wa gurudumu la nyuma la kushoto sauti ikageuka. Bwe. Akapagonga tena palepale. Bwe.

"Mwanangu," akaniuliza kutoka hukohuko chini, "hii rangi nyeusi kaipiga nani?"

Sikujua. Ilikuwa mwaka 2012, na gari tulikuwa nayo wiki ya tatu tu.

Nasomesha sekondari, Wete, Pemba. Marehemu baba alituachia mikarafuu upande wa Mzambarauni, na njia ya kuingilia huko ni udongo mwekundu ambao ukirowa hata ng'ombe huteleza. Mimi na kaka yangu tulichanga, tukanunua Suzuki Escudo ya mwaka 2000, milango mitano, injini ya lita 2, gia za klachi, kutoka kwa bwana mmoja wa Unguja aliyekuwa akiikodisha kwa watalii. Tulimlipa shilingi milioni 9 na nusu. Saa ya kilomita ilisoma 118,000 na kidogo.

Siku ya kwenda kuiangalia nilifungua milango yote, nikakaa mbele na nyuma, nikawasha kiyoyozi, nikapapasa viti. Kaka alifungua boneti akaona injini imeoshwa inang'aa, akaridhika. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinama. Na injini tuliikuta tayari ya moto, mwenyewe akisema ndio kwanza anarudi nayo sokoni. Leo mtu akiniomba nimsindikize kutazama gari, kabla ya salamu hazijesha nimeshaweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, tunaomba turudi kesho asubuhi, na gari isiwashwe mpaka tufike. Injini hii yetu haina mkanda wa taiming, ina cheni, na cheni iliyochoka hulia pale gari inapowashwa ikiwa baridi, sekunde chache tu kabla oili haijapanda juu. Injini ikishapata moto unaweza usisikie kitu, ukalipa, ukaondoka na furaha yako.

Basi tukaipakia melini, tukaishusha Mkoani, na safari yote ya kupanda Chake mpaka Wete nilikuwa nasema Alhamdulillahi.

Nirudi kwenye ile rangi. Escudo za umri ule zina chesisi iliyotengana na bodi: mihimili miwili mirefu ya chuma, mitupu ndani, na bodi imekalishwa juu yake kwa bushi za mpira. Ndiyo nguvu yake kwenye njia mbovu, na ndipo penye hatari yake kwa sisi wa visiwani. Ukiiendesha mchangani maji yakiwa yamekupwa, gurudumu hurusha maji ya bahari na mchanga mpaka ndani ya ile mihimili. Kuna vitundu vya kutolea maji chini yake, lakini tope likishaviziba, chumvi hubaki mle ndani na unyevu wake, na chuma huanza kuliwa kutoka ndani kuja nje. Kwa nje unaona rangi, tena nzuri. Gari yangu ilikuwa imepelekwa pwani mara nyingi kuliko nilivyoambiwa, na mtu alipaka rangi nyeusi juu ya kutu kabla ya kuiuza.

Tuliitengeneza kabla ya masika. Nilikaa pale siku mbili nzima kwa sababu nilitaka kujua pesa yangu inakwenda wapi, na nashukuru kwamba nilikaa. Kwanza fundi alitoa waya wa negativu wa betri na kuchomoa kompyuta ya injini, kwa kuwa umeme wa kuchomelea unaweza kupita humo ukaiua. Akashusha tangi la mafuta. Halafu akakata. Nilidhani atabandika kipande juu ya pale palipooza, kama nilivyoona wengine wakifanya, kumbe yeye alikata mpaka akafika kwenye chuma kinachong'aa, na ule uoza wote akauweka kwenye karai anionyeshe. Ulikuwa unavunjika mkononi kama kaukau. Akachomelea sahani ya milimita 4, akapiga rangi ya kuzuia kutu, akazibua vile vitundu kwa waya. Nililipa 420,000.

Akanipa sharti moja: ukitoka pwani, usilale kabla hujaiosha chini kwa maji baridi, yasiyo na chumvi. Si kuosha mabawa na vioo. Chukua mpira wa maji, uingize kwenye matundu ya chesisi, acha maji yaende mpaka yatoke safi. Nilimuuliza kuhusu kupaka oili chafu, maana wazee wengi ndiyo dawa yao, huipiga gari nzima kwa brashi. Akasema oili hiyo inavimbisha mipira ya bushi na kuilainisha, na inayodondoka inaingia ardhini, na ardhi yenyewe ndiyo tunayochimba visima. Tukatumia grisi nzito, mbali na mipira.

Sharti nililitimiza kwa upande wangu. Kaka yangu alikuwa na biashara ya samaki, akinunua Tumbe alfajiri na kuwashusha Wete na Chake, na mwaka 2014 alitumia gari miezi kadhaa. Samaki waliwekwa kwenye maboksi yenye barafu, barafu ikayeyuka, maji ya samaki na chumvi yake yakapita chini ya kapeti ya nyuma na kutulia. Nilichokuwa nasikia mimi ni harufu, nikinunua udi kuifukiza gari. Tulipokuja kuinua kapeti tukakuta bati la sakafu limetoboka, unaona barabara. Hatukugombana, ila tulikubaliana kwamba samaki wapande gari ya mtu mwingine, na kapeti inainuliwa kila mwaka ianikwe juani na sakafu ikaguliwe.

Hayo yote ni maji ya bahari. Maji yaliyoniumiza zaidi niliyatia mwenyewe.

Ilikuwa Ramadhani ya 2016. Mama mdogo yuko Makangale, ana sukari, na mchana ule walinipigia simu kwamba hali yake si nzuri. Nikaenda kumchukua. Wakati wa kurudi, ndani ya msitu wa Ngezi, niliona mshale wa joto umepita katikati. Nikazima kiyoyozi. Mshale ukashuka kidogo, kisha ukapanda tena ukaingia kwenye nyekundu. Hapo nilipaswa kusimama na kuzima injini. Sikusimama. Nilikuwa na mgonjwa, pale ni porini, nikajiambia nifike kwenye nyumba kwanza. Nilikwenda kama kilomita 2 hivi mpaka moshi mweupe ukatoka chini ya boneti na injini ikakosa nguvu yenyewe. Kijana wa bodaboda alimpakia mama mdogo na binti yake akawapeleka hospitali, wakafika, akatundikiwa maji, akapona. Mimi niliadhiniwa magharibi nimekaa kwenye shina la mti, nimefungua swaumu kwa tende alizonipa mpita njia, nikiisikiliza gari inavyotokota. Sijawahi kuona upweke kama ule.

Fundi alipoitoa rejeta aliisimamisha, akamimina maji juu. Maji ambayo yangetoka chini kwa kishindo yalitoka kama ya birika la kutilia udhu. Akaikata pembeni anionyeshe: zile njia nyembamba zimejaa ukoko mweupe, mgumu.

"Ulikuwa unatia maji gani?"

"Ya kisima chetu, ami."

"Sabuni inatoa povu na maji hayo?"

Haitoi. Kila mtu mtaani kwetu anajua kwamba ukitaka kufua vizuri unangoja maji ya mfereji au ya mvua. Kisima kiko karibu na pwani, kimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa na chumvi. Yakichemka mara kwa mara chokaa hujitenga na kuganda, kama unavyoona ndani ya birika la chai. Na hii injini ya Escudo ni ya aluminiamu, bloku na silinda hedi, na chumvi haina urafiki na aluminiamu. Miaka minne, kila nikiona maji yamepungua, nilichota kwenye ndoo nikajaza, na nikijiona mtu anayeijali gari yake.

Kulikuwa na jambo jengine. Themostati haikuwepo. Mahali pake palikuwa patupu. Kabla yetu kuna aliyeitoa, kwa ule usemi unaousikia kwenye gereji nyingi kwamba nchi yetu ya joto, gari haihitaji themostati. Fundi alinieleza huku ameishika mpya mkononi. Kidude hiki hukaa kimefungwa mpaka maji yafike joto la digrii 80 na ushee, ndipo hufunguka na kuyapeleka kwenye rejeta. Kazi yake ni kuifikisha injini haraka kwenye joto inalotaka na kuiweka hapo. Ukikitoa, safari fupi zote unazikwenda na injini ya baridi, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaongeza mafuta, oili inachafuka mapema. Nilikuwa nikilalamikia ulaji wa petroli tangu siku ya kwanza. Na haikunisaidia chochote siku ya Ngezi.

Silinda hedi ilikuwa imepinda. Aliweka rula ya chuma juu yake, akapitisha bati jembamba la kupimia chini yake, katikati likapita. Kwa Pemba hatukupata mashine ya kuisaga, kaka akaifunga kwenye blanketi akapanda nayo meli kwenda Unguja, akaipakata kama mtoto. Ikasagwa, ikarudi, tukatia gasketi mpya, rejeta mpya, themostati, pampu ya maji, mipira yote. Boliti za hedi fundi alizikaza kwa spana yenye kipimo, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, na hakutaka mtu amsemeshe. Kwa jumla ilinigharimu shilingi 1,350,000 na wiki tatu za kwenda skuli kwa daladala. Pesa zile nilikuwa nimeziweka kwa kuezeka upya nyumba ya baba.

Tangu hapo natia kulanti, nusu kwa nusu na maji ya betri, yale ya kuongezea, si yale makali. Kulanti inazuia kutu ndani ya njia za maji, na inafanya maji yachelewe kuchemka. Kifuniko cha rejeta nacho ni spea, si kifuniko tu: springi yake ikilegea presha inashuka, na presha ikishuka maji huchemka mapema. Nikibanwa kabisa natumia maji ya mvua, ambayo nayakinga kwenye pipa baada ya mvua za mwanzo kushaosha mabati. Kisima ni cha kuoshea magurudumu, na hata hayo nayasuuza.

Yaliyobaki niyapitie upesi, ingawa kila moja lilikula pesa.

Mwaka 2018 gari ikakataa kuwaka. Unageuza ufunguo, inasema ka, basi. Fundi wangu alikuwa safarini bara, nikaenda kwa mwengine. Akasema betri, nikanunua betri, 190,000. Siku nne, ka. Akasema stata, nikanunua stata iliyotumika, 150,000. Wiki moja, ka. Ami aliporudi alichukua mita yake, akapima betri: 12.6, nzima. Akafuata waya mnene unaotoka negativu mpaka pale ulipofungwa kwenye bodi na injini. Boliti ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Akaifungua, akapiga msasa mpaka shaba na chuma vikang'aa, akafunga, akapaka vaselini. Gari ikaruka kwa mguso wa kwanza. Dakika 20. Ile stata ya zamani bado ninayo stoo, nzima. Chumvi ya hewani inatosha kufanya hayo, hata usipoisogelea bahari. Sasa kila baada ya miezi mitatu naifungua ile boliti mwenyewe, kwa spana namba 12 niliyoinunua kwa kazi hiyo tu.

Mwaka uliofuata mpwa wangu aliichukua kupeleka magunia ya karafuu kavu Chake. Kulikuwa na mvua, akaona aweke mti wa gia ndogo kwenye 4H, yaani magurudumu yote manne yavute, ili awe salama, akaenda hivyo lami mwanzo mwisho. Alipofika mti haukutoka, na gari ikawa inajikaza kwenye kona kama inavutwa na kamba. Haya wengi hawaambiwi wanaponunua. Escudo yetu si ya kuvuta magurudumu manne wakati wote. Ukiweka 4H, propela ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja zizunguke sawa, na kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri mbali kuliko ya nyuma. Kwenye tope au mchanga gurudumu huteleza kidogo, tofauti ile ikapotea. Kwenye lami haina pa kwenda, inajikunja ndani ya gia. Fundi alimwambia kwa simu arudi nyuma taratibu, gari ikiwa imenyooka, mita kadhaa, mti ukalegea. Tulipata bahati. Nimeandika kwa wino mwekundu kwenye kipande cha plasta karibu na mti ule: LAMI 2H, yaani kwenye lami yavute mawili ya nyuma tu. Na kwa sababu hiyohiyo tairi zote nne nanunua saizi moja na zichakae pamoja, nazizungusha kila kilomita 10,000.

Spea. Hapa ndipo subira yangu ilipofunzwa. Pemba vitu vidogo unapata, plagi, filta, breki pedi. Vyengine vinatoka Unguja au Kariakoo, na ukisema tu "nataka bushi za Escudo" utaletewa za Escudo ya mtu mwengine, kwa sababu kuna za injini ya 1.6, kuna za 2.0, kuna za V6 ya 2.5, na mwaka 2000 wenyewe ulikuwa na mabadiliko. Niliwahi kurudisha shokapu melini mara mbili. Sasa simtajii mtu jina la gari. Napiga picha namba ya chesisi, yangu inaanza na TL52W, na picha ya spea ya zamani ikiwa imelazwa juu ya karatasi na rula pembeni, nairusha kwa simu, na sitoi pesa mpaka nirudishiwe picha. Plagi za bei rahisi zilizofungwa kwenye boksi zuri ziliniunguzia koili moja. Spea iliyotumika kutoka Japani, nikiweza kuishika kabla ya kuilipa, naiamini kuliko mpya isiyo na asili, isipokuwa breki, mipira na beringi. Hizo mpya, hata nikope.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni daftari. Ni daftari la skuli la kurasa 96, mwalimu hakosi daftari. Kila jambo lina tarehe, kilomita, bei na nani kafanya. Mara ngapi nimeongeza maji, hata kikombe kimoja. Laiti ningekuwa nalo tangu 2012, ningeona kwamba maji yalikuwa yanapungua kila wiki mbili, na hilo lenyewe lilikuwa linaniambia kitu miezi mingi kabla ya Ngezi. Kwa mujibu wa daftari, kuanzia lilipoanza mwaka 2016 mpaka sasa, mwaka uliokula pesa nyingi ni ule wa hedi. Miaka mingine yote, ukitoa petroli na tairi, sikuwahi kufika laki sita.

Kaka anataka tuuze. Anasema tuongeze kidogo tuchukue gari ya karibuni, na sioni vibaya, ana watoto wadogo na anataka kitu kisichomwamsha usiku. Mimi naijua hii. Najua kelele yake ya asubuhi, najua ikifika kilima cha kuingia Wete naipunguza gia lini, na ndani mna harufu ya karafuu ambayo haijatoka tangu mwaka wa kwanza. Ya karibuni nitaanza tena kugonga.

Mwezi wa Machi tuliigonga. Ami sasa magoti hayamruhusu kulala chini, aliketi kwenye kiti na kijana wake ndiye aliyeingia na kinyundo. Saa imefika 241,000. Upande wa kushoto tulioukata mwaka ule ni mzima, sauti yake kama mpya. Upande wa kulia, karibu na pale mkono wa nyuma unapofungwa, kijana aligonga mara mbili, na kabla hajasema kitu ami alishanitazama.

Bado ni padogo, kama kiganja. Sahani ya milimita 4 nimeshainunua, iko nyuma ya mlango wa jiko, nimeipaka grisi. Tunangoja masika ikatike.